Tumbaku Halisi kwenye Vepu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kimiminika, Koili na Tambi

Majibu haya ni kwa mtu mzima ambaye tayari alikuwa mvuta sigara, kiko au sigaa (ile sigara nene ya majani yaliyoviringishwa), na ambaye amehamia kwenye vepu, yaani sigara ya kielektroniki, lakini bado anaitamani tumbaku yenyewe. Asiyetumia nikotini hana sababu ya kuanzia hapa. Kwa urahisi, waya unaopashwa moto tunauita koili, pamba inayoupelekea kimiminika tunaiita utambi (zikiwa nyingi, tambi), na ule uchafu mweusi unaoganda juu ya waya tunauita ukoko, kwa kuwa hauna jina linaloufaa zaidi kwa mtu aliyewahi kukwangua sufuria ya wali.

## Mambo ya msingi

Kimiminika cha tumbaku halisi ni kipi, na kinatofautianaje na kile kilichoandikwa tu “ladha ya tumbaku”?

Kimiminika cha tumbaku halisi hupatikana kwa kulowesha majani ya tumbaku yaliyokwisha kukaushwa ndani ya kiyeyushi, mara nyingi propilini glaikoli, mpaka harufu, rangi na ladha ya jani zihamie humo. Kisha majani huondolewa na kilichobaki huchujwa mara kadhaa. Matokeo yake ni kiini cha rangi ya kahawia, mfano wa chai ya rangi iliyokolea, ambacho baadaye huongezwa gliserini ya mimea na, kwa anayetaka, nikotini.

“Ladha ya tumbaku” ya kawaida, kwa upande mwingine, ni mchanganyiko wa viungo vya harufu vilivyotengenezwa maabara ili kuiga tumbaku, na nyingi hukumbusha karanga, karameli au vanila kuliko jani lenyewe. Rangi peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu nikotini ikikaa hewani na kwenye mwanga hugeuza hata kimiminika cheupe kuwa cha kahawia. Ushahidi wa kuaminika zaidi ni kibandiko kinachotaja jani na namna lilivyokaushwa, pamoja na hali ya koili yako baada ya siku mbili.

Kwa nini kinachafua koili kuliko vimiminika vingine?

Kwa sababu kile unachokipenda na kile kinachokusumbua vimetoka kwenye jani moja. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi na gliserini kwenye nyuzi 290, hivyo vyote viwili hugeuka mvuke na kuondoka. Lakini sukari, nta, rangi na utomvu wa jani haviondoki. Sukari hubaki juu ya waya, ikawa karameli, kisha ikawa makaa. Mtengenezaji anaweza kuchuja vipande vya jani, lakini sukari iliyoyeyuka hupita kwenye kichujio cha karatasi kama inavyopita kwenye chujio la chai, kwa hiyo kimiminika kinachong'aa bila chembe hata moja bado kinaweza kuacha ukoko mnene.

Je, ile “tumbaku ya mvuke” inayolimwa Tabora ndiyo hii?

Hapana, ingawa majina yanachanganya kweli. Kwa mkulima wa Urambo, Kahama au Chunya, tumbaku ya mvuke ni aina ya tumbaku iitwayo Virginia, iliyokaushwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, kwa hewa ya moto inayopita kwenye mabomba, bila moshi kuligusa jani. Inatofautishwa na tumbaku ya moshi, ambayo Ruvuma wanaifahamu vizuri na ambayo hukaushwa juu ya moto wa kuni, na pia tumbaku ya hewa, yaani Burley, ambayo hutundikwa bandani mpaka ikauke polepole. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopewa jina kwa sababu ya vepu.

Hata hivyo mgawanyo huo wa wakulima una faida kubwa kwa mvuta vepu, na nadhani unasaidia kuliko maelezo mengi ya kwenye vibandiko. Ndani ya bani, wanga wa jani hugeuka sukari na jani hukauka upesi kabla sukari hiyo haijatumika. Ndiyo maana Virginia ina utamu wa asali na nyasi kavu, na ndiyo maana huacha ukoko mwingi. Burley, inayokauka kwa majuma, huimaliza karibu sukari yake yote njiani, ikabaki na ladha kavu ya njugu na koili iliyo safi kiasi. Ukijua jani limekaushwaje, umekwisha kujua nusu ya kazi ya usafi inayokungoja.

Majani mengine yanayotajwa kwenye chupa yana tabia gani?

Latakia, iliyopewa jina la bandari ya Syria na ambayo siku hizi hutoka zaidi Cyprus, hufukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu. Ukiivuta utadhani umekaa karibu na samaki wa kubanika, na kuna watu wasioweza kuivumilia hata kidogo. Perique hutoka St. James Parish huko Louisiana, ambako majani hukandamizwa ndani ya mapipa yakachachuka kwa miezi mingi, yakapata ukali wa matunda yaliyoiva kupita kiasi. Huwa ni kiungo cha kuchanganyia, si cha kuvutwa peke yake. Majani ya Mashariki, yaani ya Uturuki na Ugiriki, hukaushwa juani na huwa na manukato. Majani ya sigaa yamechachushwa, sukari yake ni ndogo, na ladha yake ni ya udongo na ngozi.

## Kununua, kuchanganya na kuhifadhi

“Kilicholoweshwa” na “kilichokenekwa” vina tofauti gani?

Kilicholoweshwa ndicho tulichokieleza juu: kiini kizima cha jani, chenye rangi nzito na uchafu wake wote. Kilichokenekwa hupitishwa kwenye mtambo wa kukeneka, yaani wa kukusanya mvuke na kuupoza uwe kimiminika tena, kikaacha sukari na rangi nyuma, hivyo huwa karibu cheupe na humruhusu mtu kukaa na utambi mmoja kwa muda mrefu zaidi. Huko Italia, ambako uvutaji wa tumbaku halisi kwenye vepu umekuwa kama utamaduni wenye watengenezaji wake mahsusi, maduka huziweka aina hizi mbili kando kando. Ushauri wangu ni kuanza na kilichokenekwa ikiwa chombo chako ni kidogo na koili zake hazifunguki, na kukiacha kilicholoweshwa kwa mwenye atomaiza (sehemu ya kifaa yenye tangi na koili) anayoweza kuifungua na kubadili pamba mwenyewe. Kilichokenekwa, lazima nikiri, hupoteza ule uzito wa mwisho unaobaki ulimini, na kwa baadhi yetu uzito huo ndio sababu ya kuhangaika kote huku.

Kwa nini chupa ya mililita 60 huja ikiwa na mililita 20 tu?

Kwa sababu ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Mei 2016, ambayo inazuia chupa yenye nikotini kuzidi mililita 10, nguvu ya nikotini kuzidi miligramu 20 kwa mililita, na tangi kuzidi mililita 2. Watengenezaji huuza kiini kisicho na nikotini ndani ya chupa kubwa yenye nafasi, na mnunuzi hujaza mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa na mililita 20 za kiini, ukiongeza chupa moja ya mililita 10 yenye nikotini ya miligramu 20 kwa mililita, kisha ukajazia mililita 30 za kimiminika kitupu kisicho na ladha wala nikotini, unapata mililita 60 zenye takriban miligramu 3.3 za nikotini kwa kila mililita. Vaa glavu, kwa kuwa nikotini hupenya kwenye ngozi, na kumbuka kwamba kiini kilichotoka kwenye jani kinaweza kuwa na nikotini yake kidogo hata kama hujaongeza tone.

Nichague uwiano gani wa glaikoli na gliserini?

Nusu kwa nusu. Gliserini ni nzito na ikizidi asilimia 60 hivi, utambi mwembamba wa atomaiza ndogo hauwahi kuivuta, hasa asubuhi ya baridi. Wingu kubwa la mvuke si lengo la tumbaku halisi.

Nisubiri siku ngapi kabla ya kuvuta, na mashapo ya chini ya chupa niyafanyeje?

Baada ya kuchanganya, iache chupa kabatini, mbali na jua, kwa siku chache ikiwa ni kilichokenekwa na majuma mawili au zaidi ikiwa ni kilicholoweshwa. Ukali wa mwanzoni hutulia na ladha hukaa pamoja. Mashapo yakionekana chini, usitikise chupa. Iache wima usiku mmoja, kisha chota sehemu ya juu taratibu na uyaache yaliyo chini. Ukiyatikisa unayahamishia kwenye koili.

Naweza kulowesha tumbaku mwenyewe nyumbani?

Inawezekana, na wapo wanaofanya: majani makavu yasiyoongezwa chochote, chupa ya kioo yenye mfuniko, propilini glaikoli ya daraja la dawa ya kutosha kuyafunika, kisha kungoja gizani kwa majuma kadhaa hadi miezi, au kuipasha chupa kwenye maji ya nyuzi 50 hadi 60 kwa anayetaka kuharakisha. Baadaye hufuata kuchuja: kitambaa kwanza, kisha karatasi ya kahawa, kisha vichujio vya mikroni chache ambavyo hupitisha tone kwa tone na kula siku nzima.

Tatizo ni kwamba hutajua umepata nikotini kiasi gani, wala jani lilinyunyiziwa dawa gani shambani. Tumbaku ya ndani ya sigara za pakiti haifai kabisa, kwa sababu viwandani huongezwa sukari, kakao na viungo vingine. Usitumie mafuta ya kula au mafuta ya aina yoyote kama kiyeyushi. Sababu imeelezwa katika sehemu ya afya.

Na ugoro je? Si tumbaku tupu ile?

Si tupu. Ugoro wa kwetu mara nyingi husagwa pamoja na magadi, na tumbaku ya kutafuna ya pwani huambatana na chokaa. Vyote viwili huifanya nikotini iingie mwilini kwa kasi zaidi, na hata kimoja hakipaswi kupashwa moto kwenye koili na kufika mapafuni.

## Koili na tambi

Nitumie koili ya namna gani?

Koili rahisi, ya waya mmoja wa mviringo. Koili zilizosokotwa kwa nyaya nyingi zina mianya inayokusanya ukoko na haisafishiki. Mfano unaofanya kazi vizuri ni waya wa Kanthal wenye unene wa milimita 0.32, uliozungushwa mara sita kwenye kijiti cha milimita 2.5, hutoa ukinzani wa takriban omu 1.1 na hupendeza kati ya wati 9 na 14. Vuta kama unavyovuta sigara, mvuke ukae mdomoni kwanza ndipo ushuke. Ukipandisha wati unaunguza sukari haraka zaidi na unapoteza ladha zile laini kabla ya zile kali.

Nikromu, yaani waya wa nikeli na kromu, nayo inafaa. Chuma cha pua cha aina ya 316L kinafaa pia, na kina faida kwamba kifaa kinachopima joto kinaweza kukizuia kisivuke nyuzi 200 hadi 220, kiwango ambacho pamba haijaungua. Nikeli tupu na titani zinafaa kwa upimaji huo wa joto tu na haziruhusiwi kuchomwa kavu, yaani kuwashwa bila pamba wala kimiminika, hata mara moja.

Utambi nibadili kila baada ya muda gani?

Kwa Virginia iliyoloweshwa, kila mililita 3 hadi 5. Kwa mvutaji wa wastani hiyo ni kila siku au kila baada ya siku mbili. Kwa Burley na sigaa unaweza kufika mililita 6 au 7, na kwa kilichokenekwa 10 au zaidi. Hivi ni viwango vya mazoea, na ulimi ndio mpimaji wa mwisho: utamu ukianza kufifia na badala yake ikaja ladha ya majivu baridi, usingoje. Waliokulia nyumba zenye jiko la mafuta ya taa wanakumbuka jinsi ncha ya utambi iliyojaa masizi inavyotoa moshi na harufu hata kama mafuta yamejaa pomoni. Ni jambo lile lile. Kuongeza kimiminika hakuponyi utambi uliokwisha kuungua.

Nibadilije utambi na kusafisha koili bila kuiharibu?

Vuta pamba ukiwa umezima kifaa na pamba ikiwa bado na unyevu, kwa kibano, ukiizungusha kidogo kwa kuifuata koili. Pamba iliyokauka na kushikamana na ukoko huivuta koili ikapinda. Utakachokiona ni utambi wenye doa jeusi katikati, gumu kama sukari guru, na ncha mbili bado za kahawia.

Washa kifaa kwa hali ya wati, weka 10 au 12, bonyeza kwa sekunde mbili na uache. Mwanzoni utatoka moshi, ambao hupaswi kuuvuta, kisha ukoko utawaka wekundu wa kaa na kuanza kubanduka. Rudia mpaka waya wote uwe na wekundu hafifu na uchafu uwe majivu ya kijivu. Usiufikishe waya kwenye weupe. Unachotafuta ni wekundu unaoonekana chumba kikiwa na kiza kidogo. Acha upoe kabisa, ondoa sehemu ya chini ya atomaiza kwenye betri, piga mswaki laini, suuza chini ya bomba, futa, kausha. Bonyeza tena mara moja au mbili: koili iliyo sawa huwaka kuanzia katikati kwenda pembeni. Mzunguko mmoja ukiwaka kabla ya mingine, zima, ukwangue kidogo kwa kibano cha kauri, ujaribu tena.

Halafu pamba mpya. Chana ukanda unaopita ndani ya koili kwa kukwama kidogo tu. Ukilazimika kuisukuma koili, ni nyingi, na ukipita kama uzi kwenye tundu la mlango, ni kidogo. Chambua ncha ziwe nyembamba, zikate kwa mshazari, na uzilaze kwenye njia za kimiminika bila kuzishindilia. Lowesha mpaka pamba ibadilike rangi yote kabla ya kubonyeza. Koili iliyotunzwa hivi hudumu majuma kadhaa. Ikianza kuwa nyembamba au ukinzani wake ukapanda bila sababu, tengeneza nyingine, kwani waya ni rahisi.

Pamba ya duka la dawa inafaa?

Ikiwa ni pamba asilimia 100, inafaa wakati wa shida, baada ya kuchemshwa na kukaushwa vizuri. Vile vitonge vya kufutia vipodozi vikague kwanza, kwa maana baadhi vina nyuzi za polyesta, na polyesta huyeyuka. Wapenzi wengi wa tumbaku halisi hupendelea reyoni, ambayo hupitisha kimiminika kwa kasi. Tofauti na pamba haivimbi inapolowa, kwa hiyo inapaswa kubanwa zaidi ndani ya koili.

Koili zangu ni za kiwandani na hazifunguki. Nifanye nini?

Utambi wake hautoki, kwa hiyo usiichome kavu. Kuiloweka kwenye maji ya moto huondoa sukari kidogo na kukupa siku moja zaidi ya ladha iliyopwaya. Binafsi naona haistahili muda. Tumia kilichokenekwa, chagua koili za omu 1 na kuendelea, na kubali kwamba utabadilisha koili mara nyingi. Za kauri zina ladha nzuri siku za kwanza, lakini vitundu vyake vikiziba na sukari havizibuki.

## Mambo yanapoharibika

Nimebadilisha utambi leo na bado napata ladha ya kuungua.

Ikiwa umesafisha koili sawasawa, tatizo ni kimiminika kutofika. Pamba imezidi, au ncha zimeshindiliwa, au gliserini ni nyingi mno. Mara chache ni kubonyeza mfululizo bila kuupa utambi nafasi ya kujilowesha. Hesabu hadi kumi kati ya mvuto na mvuto.

Kimiminika kinavuja au kinagurugurika.

Hapo ni kinyume: pamba ni pungufu au ncha hazikuziba njia. Kagua pia mipira ya mviringo ya kuzuia uvujaji.

Nimehama kutoka Latakia lakini kila kitu bado kina ladha ya moshi.

Harufu imeingia kwenye ile mipira. Fungua atomaiza yote, ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, na mipira uiloweke usiku kucha au uibadilishe kabisa. Wengi wetu huishia kuwa na atomaiza moja ya Latakia peke yake, kama mpishi anayetenga kisu cha vitunguu.

Ukinzani unarukaruka kila nikibonyeza.

Mara nyingi skrubu zinazobana miguu ya waya zimelegea baada ya kupashwa moto na kupoa mara nyingi. Kaza, na hakikisha koili haigusi ukuta wa chumba chake, kwani hapo umeme hupita njia ya mkato. Betri iliyochanika ganda lake la plastiki isitumike tena, hata kwa safari fupi.

## Afya, sheria na safari

Kwa kuwa ni ya asili, si ni salama zaidi?

Neno “asili” halimaanishi hivyo, na hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Kiini cha jani kinaweza kubeba naitreti na naitrosamini za tumbaku (kemikali zinazohusishwa na saratani), ambazo ladha ya maabara haina sababu ya kuwa nazo, ingawa kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha na moshi wa sigara. Kutochoma jani kunakuepusha na lami na monoksidi ya kaboni. Hakukuepushi na uraibu wa nikotini. Wajawazito, vijana wa chini ya miaka 18 na wasiovuta hawapaswi kuitumia.

Mafuta ni marufuku kabisa. Katika mkurupuko wa maradhi ya mapafu uliotokea Marekani mwaka 2019, ambapo zaidi ya watu 2,800 walilazwa au kufariki kufikia Februari 2020, kiungo kilichohusishwa zaidi kilikuwa asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichokuwa kimechanganywa kwenye vepu za bangi. Kiini cha tumbaku chenye utando wa mafuta unaoelea juu kimwagwe.

Naweza kusafiri nayo?

Uliza kabla ya kukata tiketi. Uganda, kwa sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015, imepiga marufuku uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki. Oman nayo imezuia uuzaji wake, jambo ambalo huwashangaza ndugu zetu wanaotoka Ulaya kwenda kuwatembelea jamaa Maskati. Kwenye ndege, betri na kifaa hukaa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia chini, na tangi ni bora liwe tupu, kwani shinikizo la hewa likipungua kimiminika husukumwa nje.

Tambi na chupa zilizokwisha tumika nizitupe wapi?

Utambi uliotumika una nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto au mbwa akiumeza, kwa hiyo ufunge kwenye karatasi au uuweke ndani ya chupa tupu yenye mfuniko kabla ya kuutupa. Chupa zisuuzwe na zisitumiwe tena kwa asali wala dawa ya kikohozi. Betri zifunike ncha zake kwa utepe wa plastiki na uzipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme. Zisiingie kwenye shimo la taka linalochomwa moto.